Injili Mlangoni pa Kaya: Kukubali na Kukataa Ukristo Kusini mwa Ziwa Victoria

Wamisionari wa Afrika walipoanzisha misheni ya Bukumbi, kusini mwa Mwanza, mwaka 1883, kundi la kwanza walilolilea katika imani lilikuwa la watoto waliokombolewa utumwani. Habari hii husimuliwa kama ya huruma, na ilikuwa huruma kweli. Lakini inatueleza pia nani aliweza kuitika upesi: mtoto aliyekwisha kung'olewa katika ukoo wake hakuwa na mizimu ya kuiacha wala wakwe wa kuwaudhi.

Mwenye kaya wa Kisukuma hakugombana na habari za Mungu. Liwelelo, Mungu wa Wasukuma, alikuwa akimjua. Alichoulizwa ni kama yuko tayari kuwaacha wake zake na kubaki na mmoja, kuacha kuwatambikia masamva, yaani mizimu ya ukoo, na kutokwenda tena kwa mfumu, yaani mganga, mtoto akiugua. Kwa hiyo nashikilia kwamba mengi tunayoyaita kukataa Injili yalikuwa kukataa masharti yake juu ya kaya.

Robin Horton alidai mwaka 1971 kwamba Waafrika huelekea kwa Mungu Mkuu pale dunia yao inapopanuka kupita mipaka ya kijiji. Hoja hiyo ina uzito, ila Usukuma unaitia shaka. Reli ilifika Mwanza mwaka 1928, pamba ikawaunganisha wakulima na soko la dunia, na bado wengi wao walibaki nje ya ubatizo. Dunia ilikuwa imepanuka. Kaya ilikuwa bado na maswali yale yale: nani ataponya, nani atazaa, nani atalitaja jina langu nikifa?

Padri David Clement, mmisionari wa Bujora huko Usukuma, alilielewa hilo mapema kuliko wenzake wengi. Badala ya kuwapiga marufuku wachezaji wa vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu, aliwakaribisha kwenye sherehe ya Ekaristi, na mashindano ya ngoma ya Bulabo yakapata makao kanisani. (Wapo wanaodhani huko ni kulegeza imani. Mimi naona alikuwa amebisha hodi kwenye mlango unaofunguka.)

Hata hivyo hoja yangu ina mtu anayeisumbua: Aniceti Kitereza wa Ukerewe. Alitoka katika ukoo wa watemi, akasoma seminari ya Rubya, akaishi Mkatoliki. Watoto wake walifariki wangali wadogo. Kwa desturi alikuwa na kila sababu ya kuoa tena, na kwa hoja yangu hapo ndipo angeiacha imani. Hakuoa. Mwaka 1945 alimaliza kuandika, kwa Kikerewe, riwaya ya Myombekere na Bugonoka, mume na mke wasio na mtoto wanaosumbuliwa na ndugu hadi mke anarudi kwao. Myombekere anamfuata ukweni, anamrejesha, na mganga ndiye anayewatibu mpaka wanapata watoto wawili. Kitereza anazieleza dawa za mganga huyo kwa utulivu na bila neno la kukemea.