Vijiumbe Bila Maradhi

Kiswahili kina majina kadhaa ya viumbe wasioonekana kwa macho, na karibu yote yamezoea kutumika katika vita dhidi ya magonjwa. Viini ni vya ugonjwa, vijidudu ni vya kuondolewa kwa sabuni, vimelea ni vya malaria. Jina vijiumbe maradhi, ambalo waandishi wa sayansi wamelitumia sana, limebeba hukumu kabla kesi haijasikilizwa. Kwa bango la kipindupindu ukutani mwa zahanati, iwe Maua kule Meru au Siakago kule Embu, majina hayo yanatosha. Taabu huanza mwandishi anapotaka kueleza mikrobiomu, yaani ile jumla ya bakteria, kuvu, virusi na wengineo wanaokaa utumboni, kinywani na juu ya ngozi ya mtu mwenye afya njema. Akiandika kwamba mtu huyo amejaa vimelea, msomaji ataulizia dawa ya minyoo. Akiandika vijiumbe maradhi, atakuwa amesema uongo.

Naona dawa yake ni kupunguza neno badala ya kubuni jingine. Tuondoe maradhi, tubaki na vijiumbe. Vinavyoishi pamoja mahali pamoja tuviite jamii ya vijiumbe. Nalo neno mikrobiomu, lililotoholewa kama jenomu ilivyotoholewa, tuliachie maana pana zaidi: jamii hiyo pamoja na jeni zake na mazingira inamofanyia kazi. Neno lenyewe lilipata umaarufu katika tiba mwaka 2001, mwanajenetiki wa Marekani Joshua Lederberg alipolitumia kuhimiza kwamba wakazi hawa wahesabiwe katika afya na ugonjwa pia. Idadi yao inashangaza, ingawa si kwa kiasi kilichokuwa kikitangazwa. Kwa miaka mingi vitabu vilirudia kwamba bakteria wa mwilini ni mara kumi ya seli za mtu, dai lililotokana na makadirio ya juujuu ya mwaka 1972. Mwaka 2016 Ron Sender, Shai Fuchs na Ron Milo walipiga hesabu upya, wakapata bakteria trilioni 38 hivi kwa seli trilioni 30 katika mwili wa mwanamume wa kilo 70, na uzito wa bakteria hao wote ukawa kama gramu 200. Umati wa namna hiyo, ukiwa ndani ya mtu anayelima, anayekula na kulala vizuri, hauwezi kuitwa maradhi.

Mashariki mwa Mlima Kenya watu wamefanya kazi na vijiumbe tangu zamani bila kuvishtaki. Uji mchachu wa Meru na Embu hutokana na unga wa wimbi, mtama au mahindi uliokorogwa na maji ukaachwa ulale. Bakteria wa asidi ya laktiki hula sukari ya nafaka na kutoa asidi, na asidi hiyo huwazuia bakteria wengi wa kuhara wasistawi. Maziwa lala nayo hupitia njia iyo hiyo. Kiswahili kina jina la kitu kinachofanya kazi hii, chachu, na ni jina lisilo na harufu ya hospitali. Kwa bahati mbaya chachu ni jina la kazi moja tu, haliwezi kumchukua bakteria wa kwapani asiyechachusha unga wala maziwa. (Tena uji hupikwa baada ya kuchacha, na moto huua wengi wao, kwa hiyo wanaouza kila kikombe cha uji kama dawa ya bakteria hai wanavuka mpaka.)

Uji wa mahindi, safari hii wa Kwale, pwani ya kusini ya Kenya, ndio uliotoa ushahidi mzito zaidi ninaoujua. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015, watoto wa miezi sita walipewa uji uliotiwa unga wa virutubishi kwa takriban miezi minne. Baadhi yao walipata unga wenye madini ya chuma, wengine usio na chuma. Kwa waliopata chuma, bakteria wanaoweza kuleta ugonjwa waliongezeka, wakiwemo aina za Escherichia coli, na dalili za uvimbe wa utumbo zikapanda. Chuma si sumu, na watoto wenye upungufu wa damu wanakihitaji mno. Ila bakteria hao nao hukihitaji ili wakue, na kile kisichofyonzwa na mwili wa mtoto huwafikia. Utafiti mwingine wa mwaka 2017, huko huko pwani ya kusini, ulionyesha kwamba madhara mengi hupungua chuma kikiongezewa sukari changamano ambazo mtoto hawezi kuzimeng'enya lakini bakteria wasiodhuru wa Bifidobacterium huzila na kustawi. Mwandishi mwenye neno vimelea peke yake hawezi kueleza habari hii. Tiba iliyofaa hapa ilikuwa kuwalisha baadhi ya bakteria ili wenzao wapungue.

Kuna atakayelitetea neno vimelea kwa asili yake. Limetokana na kumelea, yaani kumea juu ya kingine, na kumea si kosa. Ni hoja nzuri ya kamusi, lakini mgonjwa husoma neno kwa jinsi analolisikia kila siku, na analisikia karibu na malaria na kichocho. Pingamizi la pili ni zito zaidi. Kipindupindu na homa ya matumbo bado vinaua, na jina lisilotisha huenda likawafanya watu walegee katika kuchemsha maji na kunawa mikono. Siombi vimelea lifutwe. Libaki kwa wale wanaodhuru, na tofauti yake na vijiumbe itamwongezea mama sababu ya kunawa mikono. Itampa pia sababu ya kutokununua antibiotiki dukani kwa kila mafua, kwa kuwa mafua huletwa na virusi, na dawa hiyo isiyowagusa virusi itawapiga bakteria wa utumboni wasio na hatia.

Miraa ya Igembe, huko Meru, na muguka wa Mbeere, huko Embu, ambazo hutafunwa, zinapima hoja hii mahali pengine pa mwili. Majani hukaa shavuni kwa saa nyingi, na mtu angetarajia kinywa cha mtafunaji kioze kwa vijidudu. Watafiti waliochunguza utando wa meno ya vijana wa Yemen wanaotafuna miraa, katika kazi ya mwaka 2005, walikuta bakteria ambao mpangilio wao haukukinzana na afya ya ufizi. Hilo haliisafishi miraa. Tafiti nyingine zimeihusisha na kusinyaa kwa ufizi, na soda au peremende inayofuatana nayo huwalisha bakteria wanaotoboa meno. Tokeo hilo la Yemen linaonyesha tu kwamba kuuliza kama kinywa kina vijidudu ni kuuliza swali lisilo na jibu lenye manufaa, maana kila kinywa kinavyo.

Wengine watasema tutohoe mikrobiomu, basi, yaishe. Utohoaji sina ugomvi nao. Lakini neno la kutoholewa huhitaji fasili, na fasili ikiandikwa kwa vimelea, kosa limerudi kupitia dirishani. Wapo pia watakaokumbusha kwamba nyumbani watu wa Meru na Embu husema Kimeru na Kiembu. Ni kweli, ila bango na fomu mara nyingi huwafikia kwa Kiswahili au Kiingereza, na mhudumu wa afya hutafsiri kutoka hapo. Fomu za utafiti ndizo zitakazolipima neno hili. Uchambuzi wa mwaka 2022 ulikuta kwamba zaidi ya asilimia 70 ya sampuli za mikrobiomu zinazojulikana zilikotoka zilichukuliwa Ulaya na Marekani ya Kaskazini. Pengo hilo limeanza kuzibwa: utafiti uliotoka mwaka 2025 ulihusisha wanawake 1,801 wa Burkina Faso, Ghana, Kenya na Afrika Kusini, wale wa Kenya wakiwa wa Nairobi. Watafiti wakifika Igembe au Mbeere wataomba kinyesi kwa fomu ya ridhaa. Mama akiambiwa kinachunguzwa kama kina vimelea, ana haki ya kudai majibu na matibabu, na mtafiti aliyetaka kujua tu ni vijiumbe gani vinavyoishi naye atakuwa amemwahidi jambo ambalo hakulikusudia.