MAMA PUMZIKA, Sehemu ya 3: Nani Atamshika Mtoto?

Wiki hii mmoja wenu kaniuliza: "Sista, nimeona tangazo la mafungo ya yoga, siku saba ufukweni, unarudi na amani ya moyo. Ni kweli au hela yangu itaenda bure?" Kabla sijajibu, sikia kisa hiki cha kweli.

Neno yoga ni la Kisanskriti, lugha ya kale ya India. Asili yake ni kuunganisha, vile ng'ombe wawili wanavyofungwa nira moja. Kwa hiyo siyo kukunja viungo tu. Kuna kupumua vizuri, kuna kukaa kimya ukatuliza mawazo.

Sasa twende Rishikesh, kaskazini mwa India, pale mto Ganges unapotoka milimani. Februari 1968 walifika pale Beatles, vijana wanne wa Uingereza waliovuma dunia nzima kwa muziki. Pesa wanazo, jina wanalo, amani hawana. Meneja wao alikuwa amefariki miezi michache tu nyuma, Agosti 1967. Wakaenda kwa mwalimu Maharishi Mahesh Yogi kujifunza kutafakari. Kazi yao kule ilikuwa kusikiliza mafundisho na kukaa kimya saa nyingi. Chakula wanapikiwa.

Ringo Starr alikwenda na mkewe Maureen. Nyumbani waliacha watoto wawili: Zak wa miaka 2 na Jason wa miezi 6. Tumbo la Ringo lilikuwa na shida tangu utotoni, akabeba maharage ya kopo kutoka kwao. Maureen naye nzi walimshinda. Na wote wawili waliwakumbuka watoto. Wiki mbili hazijaisha, wakafunga mizigo.

Jamani, nilicheka, halafu nikanyamaza. Miezi 6! Wangu alipokuwa na umri huo nilikuwa naingia zamu ya usiku, na kabla ya saa sita maziwa yameshalowesha sare.

John Lennon na mkewe Cynthia wao walibaki karibu miezi miwili. Mtoto wao Julian alitimiza miaka 5 tarehe 8 Aprili, wazazi wakiwa bado kule. John alitunga nyimbo nyingi sana pale mlimani. Lakini ndoa? Novemba mwaka huohuo walipeana talaka.

Simlaumu mtu. Ninachotaka uone ni kwamba ule ukimya ulisaidia kazi, ila nyumba haukuitengeneza. Mwenzao George Harrison ndiye aliyerudi na kitu cha kudumu: aliendelea kutafakari nyumbani kwake, miaka na miaka.

Basi jibu langu ni hili. Kama hela ipo na mtu wa kumshika mtoto yupo, nenda, na usijilaumu. Kama hakuna, usijione umekosa dawa. Bibi zetu walikuwa na arobaini: mama analala, mwingine anapika uji, mwingine anabeba mtoto. Hayo nayo ni mafungo, tena bila tiketi. Hata Rishikesh watu walitulia kwa sababu kuna aliyekuwa jikoni.

Leo omba nusu saa tu. Baba yupo, dada yupo, jirani yupo. Kaa, vuta pumzi kwa pua taratibu, itoe kwa mdomo polepole zaidi. Ndivyo tunavyowaambia hata wenye uchungu leba.

Ila sikia vizuri: kama huzuni imezidi wiki mbili, usingizi hauji hata mtoto akilala, au unawaza kujidhuru au kumdhuru mtoto, usisubiri mafungo wala yoga. Njoo hospitali leo. Huo ni ugonjwa, unatibika, wala siyo uzembe wako.

Haya, niambie: wewe ulipojifungua, nani alikushikia mtoto ukalala?