Taa na Deni Lake

Marehemu baba yangu alikuwa na bati la biskuti ambalo sisi watoto hatukuruhusiwa kulifungua. Tulidhani mna fedha. Alipofariki tukalifungua, na ndani yake tukakuta bili za umeme, zimefungwa kwa uzi, kila mwaka mbali, za zamani chini na za karibuni juu, na juu ya kila moja ameandika kwa mkono wake tarehe aliyolipa. Hakuwa mtu wa kuweka karatasi. Barua za nduguze wa Maskati hakuziweka, na cheti changu cha kuzaliwa ilibidi nikitafutie nakala. Bili aliziweka kwa sababu, kama alivyozoea kumwambia mama, atakayekuja kukudai hatakuja na kumbukumbu yako, atakuja na yake.

Tokea siku hiyo nimekuwa na hamu ya kuiandika historia ya taa katika kisiwa chetu kwa upande wa bati lile. Historia hiyo imezoeleka kuelezwa kwa majivuno: nani alikuwa wa kwanza, na wapi hapakuwa na mfano wake. Waongozaji wa wageni katika Mji Mkongwe hupenda kusema kuwa mitaa yetu iliwashwa taa za umeme kabla ya London. Maneno haya ni matamu lakini si kweli, kwani ukingo wa mto Thames uliwekwa taa za umeme mwaka 1878, wakati ambapo Beit al-Ajaib yenyewe haijajengwa. Hatuna haja ya sifa ya kuazima. Tuliyo nayo yanatosha, na swali linalonishughulisha mimi ni jingine: nani alilipa?

Kwa taa za mwanzo jibu ni jepesi. Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ndiye aliyeijenga Beit al-Ajaib mwaka 1883, na jengo hilo ndilo lililotangulia kupata umeme hapa kwetu. Mtawala huyohuyo alileta mjini maji ya mifereji kutoka chemchem za nje ya mji. Taa zilikuwa za jumba lake na gharama zilikuwa za hazina yake. Raia alichotakiwa kufanya ni kusimama Forodhani usiku akatazama. Wengi wetu tulirithi mtazamo huo, kwamba mwanga ni kitu kinachotoka juu, cha mwenye nguvu, nasi tuko chini tunakodoa macho. Jengo lenyewe limechakaa, na sehemu yake iliporomoka Disemba 2020. Mtazamo ule haujaporomoka.

Umeme wa kuuziwa ulikuja mwanzoni mwa karne ya ishirini. Walioleta walikuwa wafanyabiashara wa New York, kampuni ya Arnold Cheney, ileile iliyoijenga reli ya Bububu ya maili saba. Hapo ndipo mwanga ulipopata bei. Reli ilinunuliwa na serikali mwaka 1911 na baadaye ikafa. Watu wa Bububu wamebakiwa na hadithi zake. Umeme nao uliishia mikononi mwa serikali, lakini haukufa. Uliwashwa kwa mashine zilizokula mafuta, na mafuta yalikuja kwa meli. Tangu hapo Unguja haijapata kuwasha taa yake kwa kitu chake yenyewe, ukiachia mbali mafuta ya nazi ya babu zetu.

Kwa muda mrefu taa hizo zilikuwa za upande mmoja wa mji. Ng'ambo ya mkondo watu waliendelea na vibatari, kandili, na kwa siku za harusi na maulidi, karabai iliyokodishwa kwa usiku mmoja. Naomba msomaji aniwie radhi nikisita kidogo kwenye maneno, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Kandili tumeipata kwa Waarabu. Bili na mita ni za Waingereza. Lakini nguvu yenyewe hatukuiazima jina; tulitazama mbinguni tukasema ni umeme, yaani ule ule umulikao mawinguni kabla ya radi. Wenzetu wa Mombasa waliangalia mashine wakaiita stima, kwa mvuke uliokuwa ukiendesha meli. Huyu ameona mtambo, na huyu ameona kitu kisichokamatika. Mara nyingi nimefikiri kuwa ugumu wetu wa kuelewana na bili unaanzia hapo: vipi mtu atakupimia radi?

Mwaka 1980 ulitandikwa waya chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni, kaskazini ya Dar es Salaam, hadi Fumba. Waya huo ulikuwa na uwezo wa megawati 45, na ulileta nguvu kutoka gridi ya bara, ambayo nguzo yake kubwa zama hizo ilikuwa Kidatu. Kwa hiyo taa ya Kikwajuni ikawa inawashwa na maji ya Ruaha Mkuu. Pemba haikuwamo katika hesabu hiyo. Iliendelea na mashine zake za mafuta za Wesha mpaka ilipopata waya wake kutoka Tanga mwaka 2010.

Baada ya waya wa kwanza, mashamba nayo yakaanza kufikiwa, kwa msaada wa Norway. Mtafiti wa Kinorway, Tanja Winther, alikaa Uroa, pwani ya mashariki, akaandika kitabu kizima juu ya namna umeme ulivyoibadilisha jamii ile, kilichapishwa 2008. Ni kitabu ambacho ningependa siku moja kukiona kwa Kiswahili. Katika mambo aliyoyaona, mawili yamenikaa. La kwanza ni kuwa umeme uliingia majumbani lakini haukuingia jikoni: chakula kiliendelea kupikwa kwa kuni. La pili ni kuwa umeme wa nyumba ulikuwa zaidi mikononi mwa wanaume. Haya si mageni kwa mtu aliyelelewa hapa. Mama aliijua bei ya pishi ya mchele na fungu la dagaa kwa wiki nzima, lakini bili ilipokuja aliiweka chini ya kinara cha ubani bila kuitazama, ikamsubiri baba.

Nimezipitia bili zile moja moja. Zinachosha, lakini ukizisoma kwa subira zinazungumza. Kuna mwaka ambao matumizi yanapanda ghafla: ndio mwaka tulionunua jokofu, na dada yangu akaanza kuuza barafu na malai kwa watoto wa skuli. Faida yake yote tuliiona kwa macho. Hasara ilikuwa katika bati, na hakuna aliyewahi kukaa akazilinganisha mbili hizo. Kuna miezi ambayo tarakimu zinashuka mno, na hiyo naikumbuka vizuri: ni ile ambayo baba aliirudisha pasi ya mkaa, akaamrisha jokofu lizimwe baada ya isha, na kila chumba kikaachiwa globu moja. Tulinung'unika. Nyumba za jirani zilizokuwa na wapangaji wengi kwenye mita moja zilikuwa na taabu zaidi, maana bili iligawanywa kwa vichwa, na mwenye redio tu alilipa sawa na mwenye friza. Ugomvi niliousikia nyuani juu ya pasi ya jirani ni mwingi kuliko wa mirathi.

Zama zile kulikuwa na msoma mita, na kulikuwa na mkataji mwenye ngazi. Sitaki kuzipamba. Hata hivyo wote wawili walikuwa watu, wenye majina na shangazi zao mtaani. Msoma mita alipewa maji akanywa. Mkataji aliombwa asubiri mpaka Ijumaa, na mara nyingine alisubiri. Ukiona hesabu haiko sawa, ulichukua bili yako na za nyuma yake ukaenda nazo dirishani, ukasimama foleni, ukasema. Huenda ulishindwa, lakini ulikuwa na karatasi mkononi na mtu mbele yako.

Kisha ukaja mwaka 2008. Mwezi wa Mei waya uliharibika na Unguja ikakaa gizani takriban mwezi mzima. Tulipodhani tumeshapata funzo letu, tarehe 10 Disemba 2009 ukazimika tena, na safari hii haukurudi mpaka Machi 2010. Miezi mitatu. Pampu za maji zilisimama, ndoo na madumu yakawa na thamani, jenereta zikanguruma kwa wenye uwezo, na friza za kina mama wauza barafu zikageuka makabati ya nguo. Wengine walikwisha kuchukua mikopo kwa ajili ya friza hizo. Tulirudi kwenye vibatari vya makopo, na ajabu ni kuwa mafundi wa kuvitengeneza walikuwapo bado, kama kwamba walikuwa wakitusubiri. Katika miezi ile hakuna bili iliyokuja, na nakiri kuwa ndiyo miezi niliyotumia fedha nyingi zaidi kwa mwanga maishani mwangu: mafuta ya taa, mishumaa, betri. Bati la baba halina karatasi hata moja ya gharama hizo.

Waya mpya wa megawati 100, uliogharimiwa na Marekani kupitia shirika lake la Changamoto za Milenia, ulizinduliwa 2013. Wakati huo mita za kulipia kabla, tunazoziita TUKUZA kama wenzetu wa bara wanavyoziita zao LUKU, zilikwisha kuenea. Nazisifu kwa jambo moja: hazina ngazi. Hakuna anayekuja kukuaibisha mbele ya wageni. Unanunua kwa kadiri ya ulicho nacho, unaingiza tarakimu zako ishirini, na zikiisha unazimika peke yako kimyakimya. Lakini huyo aliyeaibishwa zamani alikuwa na nafasi ya kubishana. Mita hii haina siku ya Ijumaa.

Ndiyo maana yaliyotokea Machi 2017 yaliniuma kuliko giza la 2010. Rais John Magufuli, akiwa Mtwara, aliliagiza TANESCO liwakatie umeme wadaiwa wote, hata ikiwa ni Ikulu. Deni lililotajwa la Zanzibar lilipindukia shilingi bilioni 121, na notisi ya siku 14 ikatolewa. Rais wa Zanzibar wakati huo, Dk. Ali Mohamed Shein, alijibu kuwa tukikatiwa tutawasha vibatari. Watu walilicheka jibu hilo na wengine walilipigia makofi. Umeme haukukatwa, fedha kiasi zililipwa, mazungumzo yakafuata, na Februari 2019 ikatangazwa kuwa kodi ya ongezeko la thamani kwa umeme unaouzwa Zanzibar imeondolewa, na deni la kodi hiyo la shilingi bilioni 22.9 limefutwa. Sina haja ya kuamua hapa nani alikuwa na haki baina ya serikali mbili. Nasema tu kuwa mama mwenye TUKUZA, aliyeulipia umeme wake kabla hajauona, alitishiwa giza kwa deni ambalo hakulikopa, na wala hakuna dirisha ambalo angeweza kwenda akaonesha risiti yake.

Na risiti yenyewe ni shida. Baada ya kifo cha baba niliendeleza desturi yake, nikawa natia ndani ya bati vile vikaratasi vyembamba vya duka la kununulia umeme. Juzi nimevitoa ili nivipange kwa ajili ya makala hii. Bili za baba za miaka ya themanini zinasomeka zote, wino wake wa buluu umekoza kama wa jana. Vikaratasi vyangu vimefifia. Vingi ni vyeupe kabisa, na nimeshindwa kujua kipi ni cha mwaka gani.