Jet ski: Jinsi ya kuchagua plagi sahihi

Plagi ni kitu kidogo, lakini ikiwa siyo yenyewe inaweza kukuachia jet ski imezima katikati ya maji, au kuua injini kabisa. Wengi hununua kwa kuangalia umbo: "Mradi inaingia, inafaa." Hapo ndipo hasara inapoanzia. Cha kuangalia ni namba.

Anza na kitabu cha mashine
Namba sahihi imo kwenye kitabu kilichokuja na jet ski. Usinakili tu iliyo kwenye plagi ya zamani. Huenda aliyeifunga naye alibahatisha.

Namba inasema nini?
Chukua NGK BR8ES, inayotumika kwenye jet ski nyingi za zamani, zile za kuchanganya petroli na oili:

- B: unene wa nyuzi, milimita 14.
- R: ina rezista ya kupunguza mwingiliano wa umeme kwenye redio na vifaa vya elektroniki. Kitabu kikitaja R, usiweke isiyo na R.
- 8: kiwango cha joto. Kwa NGK, namba ikipanda, plagi inapoa haraka zaidi. Kwa Champion na Bosch ni kinyume, hivyo usilinganishe namba za kampuni tofauti.
- E: urefu wa nyuzi, milimita 19.
- S: aina ya kawaida.

Sasa iweke kando ya B7HS-10, ya kwenye mashine za boti. Nayo ni B, kwa hiyo inaingia kwenye tundu lilelile. Lakini H ni urefu wa milimita 12.7 tu. Plagi ndefu kwenye tundu fupi inaweza kugongwa na pistoni. Fupi kwenye tundu refu, moto hauchomi vizuri na masizi yanajaa kwenye nyuzi. Hiyo "-10" mwishoni ni mwanya wa cheche: milimita 1.0.

Soma rangi ya plagi iliyotoka

- Kahawia ya kukolea au hafifu: injini iko sawa.
- Nyeusi na imelowa: mafuta au oili imezidi, au plagi ni ya baridi mno.
- Nyeupe, ina malengelenge: joto limezidi. Usikimbilie kubadili plagi. Kwanza kagua kabureta na njia ya maji ya kupoza, kwani majani na mchanga huziba. Ukipuuza, pistoni inaweza kutoboka.

Epuka feki
Kagua maandishi kama yamenyooka, ncha ya katikati kama iko katikati kweli, na washa. Kwenye plagi halisi za NGK, washa haichomoki kirahisi.

Wakati wa kufunga
Fungua siti kwanza, mvuke wa petroli utoke. Cheche moja inatosha kulipua. Subiri injini ipoe, pima mwanya kwa fila geji, kisha ingiza plagi kwa mkono mpaka igote. Malizia na spana, kama nusu mzunguko kwa plagi mpya yenye washa. Ukikaza kupita kiasi unaua nyuzi za silinda hedi.

Badilisha plagi zote kwa pamoja. Na kabla ya kuingia majini, weka plagi za akiba na spana yake kwenye mfuko usiopitisha maji.