Kabla Hujamwita Mgumba: Historia Ambayo Wakuria Hatuisemi

Hebu tuseme ukweli, watu wa Kegonga. Bibi na bwana wakikaa miaka miwili bila mtoto, ni nani anaangaliwa tumbo? Bibi. Ni nani analetewa miti shamba usiku na kuulizwa alifanya nini akiwa msichana? Ni huyo huyo bibi. Bwana hakuna anayemuuliza kitu. Na neno lenyewe "mgumba" kwa Kiswahili ni mtu asiyezaa, awe mume au mke, lakini ukilisikia sokoni unajua tu anasemwa mwanamke. Tabia hii haikuanza jana.

Kwa wazee wetu, huku Nyabasi na Bwirege na hata ng'ambo kule Tarime, mtoto alikuwa zaidi ya furaha. Mahari ilikuwa ng'ombe, na ng'ombe walikuwa mali ya ukoo mzima. Kila mke alikuwa na nyumba yake, na nyumba bila mtoto wa kiume haikuwa na mrithi. Sasa mama asiyezaa angefanya nini? Hapo ndipo ikaja nyumba ntobu. Mama mwenye ng'ombe analipa mahari, anaoa msichana. Yule msichana anazaa na mwanaume aliyechaguliwa, na watoto wanakuwa wa nyumba ya yule mama. Hata mjane, au mama aliyezaa wasichana pekee, aliweza kufanya hivyo.

Mimi sitaitukana hii desturi. Ilimpa mama heshima, ikamlinda asifukuzwe kwa mali aliyoichumia jasho. Na si Wakuria peke yao. Wanandi wanayo yao, na mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Mombasa, mbele ya Jaji J.B. Ojwang, ilikubali kwamba mwanamke aliyeolewa na mwanamke mwenzake kwa mila ya Kinandi ana haki ya kurithi.

Lakini angalia vizuri kilichokuwa kinafanyika. Bibi wa kwanza hakupata mimba kwa mume wake. Msichana ameletwa, amezaa na mwanaume mwingine. Kijiji kinasema, "Mnaona? Shida ilikuwa yule wa kwanza." Yaani mwanaume amebadilishwa na bado lawama inabaki kwa mwanamke! Desturi ilitatua shida ya mrithi. Shida ya ugonjwa haikuiguza, na mzee akazikwa na siri yake. Msichana naye, mara nyingi hakuna aliyemuuliza kama anataka.

Na msidhani wazungu walikuwa na akili zaidi. Upande wa pili wa Ziwa, serikali ya kikoloni Uganda iliogopa kwamba Waganda hawazai vya kutosha kwa sababu ya kaswende. Mwaka 1908 daktari wa jeshi la Uingereza, Kanali Lambkin, akaandika kuhusu huo ugonjwa, na sehemu ya lawama akaiweka kwa wanawake wa Buganda, eti wamepata uhuru mwingi. Ugonjwa unaambukizwa na watu wawili, lakini kesi anasomewa mmoja.

Sayansi ilikuja kusema kitu kingine. Kati ya 1979 na 1984 Shirika la Afya Duniani lilichunguza maelfu ya wanandoa wasiopata watoto katika nchi 25. Kwa wanawake wa Afrika, jambo lililoonekana zaidi ni maambukizi yaliyoziba mirija ya uzazi. Kisonono na klamidia zisizotibiwa, au maambukizi baada ya kujifungua au mimba kutoka. Sio laana. Tena klamidia inaweza kukaa mwilini kimya kabisa, na mara nyingi aliyeileta nyumbani ni mume. Upande wa wanaume nao, madaktari wanakadiria kwamba karibu nusu ya wanandoa wenye shida hii, mwanaume anahusika, peke yake au pamoja na mke.

Basi dalili za mwanamke ni zipi? Hedhi isiyokuja, au inayoruka ruka, chini ya siku 21 au zaidi ya siku 35. Maumivu ya hedhi yanayokulaza kitandani kila mwezi. Maumivu ya tumbo la chini, au uchafu wenye harufu. Nywele nyingi kidevuni pamoja na hedhi kuvurugika. Maziwa kutoka na huna mimba wala hunyonyeshi. Mimba kuharibika tena na tena. Ukiona moja, usijihukumu. Dalili inakuambia nenda ukapimwe, haisemi hutazaa. Na kuna mama ambaye mirija imeziba na hana dalili hata moja.

Kwa hivyo dalili kubwa ni muda. Mwaka mmoja wa kukutana mara kwa mara bila kinga na hakuna mimba, nendeni hospitali. Mama akiwa na zaidi ya miaka 35, msingoje zaidi ya miezi sita. Nimesema nendeni, wawili. Kipimo cha mbegu za mwanaume hakina upasuaji wala eksirei, na ni rahisi kuliko kupima mirija ya mama. Kwa nini kiwe cha mwisho? Unakuta mama ametembea kwa waganga miaka saba, na bwana hajawahi kutoa hata sampuli moja.

Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inasema afya ya uzazi ni haki ya kila mtu. Na mtoto wa kwanza Kenya aliyetungwa nje ya mwili wa mama alizaliwa Nairobi mwaka 2006, kwa hivyo matibabu yapo nchini. Najua ni ghali na Nairobi ni mbali na Kegonga. Lakini kisonono kinatibiwa hapa hapa, kwa dawa za kawaida, kabla hakijaziba mirija ya mtu.

Wazee wetu walitumia walichokuwa nacho, na maabara hawakuwa nayo. Sisi tunayo. Kijana, kabla familia yako haijaanza kuhesabu ng'ombe za bibi wa pili, nenda ukapimwe wewe.