Hedhi Ikikata Mapema, Kagua na Tezi Nyingine

Ukishika barabara ya Morogoro kutoka Dar es Salaam unafika Kibaha. Ukipitia Pugu unafika Kisarawe. Kokote kati ya huko, dada wa miaka 32 ambaye hedhi imekata ataulizwa yaleyale: una mimba? Ulichoma sindano ya uzazi wa mpango? Mtaani nao wataongeza lao: karogwa huyo. Swali jingine ni rahisi kusahaulika: je, tezi zake nyingine ni nzima?

Swali hilo lina historia. Mwaka 1855, jijini London, daktari Thomas Addison aliandika habari za wagonjwa waliodhoofika, ngozi ikazidi weusi, hatimaye wakafa. Kumbe tezi zao za adrenali, zinazokaa juu ya figo, zilikuwa zimeharibika. Baadhi waliharibiwa na kifua kikuu. Wengine, tunajua leo, kinga ya mwili huwageukia wenyewe.

Mwaka 1942, Marekani, Fuller Albright na wenzake walieleza habari za wasichana ambao ovari zao zilishindwa kazi. Mkojo wao ulikuwa na FSH nyingi, yaani homoni inayotoka chini ya ubongo kuziamsha ovari. Ni kama mtu anayebisha hodi kwa nguvu zaidi kwa sababu ndani hakuna anayeitika.

Ila kupima homoni enzi hizo kulihitaji panya wa maabara. Mambo yalibadilika karibu na mwaka 1960, Rosalyn Yalow na Solomon Berson walipobuni njia ya kupima insulini kwenye damu kidogo tu. Homoni nyingine zikafuata, na Yalow akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1977.

Miaka hiyohiyo ya 1960, nchi za Nordic zilijenga Kibaha shule, chuo cha wakulima na kituo cha afya, ili kupambana na ujinga, maradhi na umaskini. Tanzania ilikabidhiwa mradi huo mwaka 1970, na kituo kile ndicho chimbuko la Hospitali ya Tumbi.

Sasa turudi kwa dada yetu. FSH ikiwa juu kabla ya miaka 40, kazi haijaisha. Kinga iliyoshambulia ovari inaweza kushambulia pia tezi ya thairoidi na adrenali. Thairoidi ndiyo huguswa mara nyingi zaidi. Adrenali ni kwa wachache, lakini hao wachache wanaweza kufa ghafla wakipata homa kali au upasuaji. Tena ukimpa dawa ya thairoidi kabla ya kugundua upungufu wa adrenali, unaweza kumtumbukiza kwenye hatari hiyohiyo.

Kwa hiyo hupimwa TSH na kingamwili za thairoidi, pamoja na kingamwili za adrenali, ambazo shabaha yake kuu ilijulikana mwaka 1992. Kwenye ngozi yetu weusi wa Addison hujificha, hivyo daktari hutazama ufizi na mistari ya viganja. Huuliza pia: unachoka sana? Unakonda? Unatamani chumvi?

Maswali hayo matatu hayahitaji maabara. Yanaweza kuulizwa leo, kwenye zahanati yoyote.