Jeshi la Majini la Ireland: utunzaji na uhuishaji wa meli

Jeshi la Majini la Ireland ni kikosi kidogo chenye makao kwenye kisiwa cha Haulbowline, bandari ya Cork. Lilianza mwaka 1946 kwa korveti tatu za Uingereza, Macha, Maev na Cliona, zilizokwisha kutumika vitani. Bahari iliyo chini ya mamlaka ya nchi hiyo inaizidi ardhi yake mara kadhaa, na Atlantiki haikihurumii chuma. Meli zimezoea kuchakaa kabla bajeti haijawa tayari.

Korveti zilipokwisha, mwaka 1971 zilinunuliwa meli tatu za kufagia mabomu ya baharini, nazo mtumba. Deirdre (1972) ilikuwa ya kwanza kuundwa nchini kwa ajili ya kikosi hiki. Eithne (1984) ndiyo iliyokuwa meli ya mwisho ya karakana ya Verolme ya Cork. Iliundwa ibebe helikopta, lakini kwa sehemu kubwa ya maisha yake sitaha ya helikopta ilikaa tupu. Mwaka 1988 zikaja Orla na Ciara, zilizokuwa zikilinda Hong Kong.

Meli ya doria hutarajiwa kudumu miaka 30 hivi. Ikifika katikati ya umri huo hupandishwa chelezoni: kutu hukwanguliwa, unene wa mabamba hupimwa, yaliyoliwa hukatwa na mapya kuchomelewa, kisha rada, jenereta na nyaya hubadilishwa. Róisín (1999) na Niamh (2001) zilipangiwa matengenezo ya aina hiyo. Kwa kikosi chenye meli chache kazi hii ni mtihani, kwani meli moja ikiwa chelezoni doria hupungua papo hapo.

Kuziuza meli zilizostaafu nako kuna mambo yake. Emer, iliyouzwa mwaka 2013, iliishia katika jeshi la majini la Nigeria. Aisling iliuzwa mnadani mwaka 2017, ikapita kwa dalali Mholanzi na kuibukia Libya mikononi mwa majeshi ya kamanda wa Libya Khalifa Haftar, ilhali nchi hiyo ilikuwa chini ya vikwazo vya silaha vya Umoja wa Mataifa. Bei ya mnada ilikuwa euro 110,000 tu. Aibu iligharimu zaidi.

Kati ya 2014 na 2019 Ireland ilipokea meli nne mpya za mita 90 kutoka Appledore, Uingereza, zilizopewa majina ya waandishi, kuanzia Samuel Beckett. Chuma kikapatikana, watu wakakosekana. Eithne iliwekwa kando mwaka 2019 kwa uhaba wa mabaharia, ikastaafishwa 2022 pamoja na Orla na Ciara. Kufikia 2023 kikosi kilichopangiwa watu 1,094 kilikuwa na chini ya 800, na hata meli zilizokuwa nzima zilibaki gatini.

Ndiyo maana zilitafutwa meli zinazohitaji mabaharia wachache. Kwa euro milioni 26 zilinunuliwa Rotoiti na Pukaki za New Zealand, ambako tayari zilikuwa zimewekwa kando. Ziliwasili Mei 2023 zikiwa zimebebwa juu ya meli nyingine, na Septemba 2024 zikaingizwa rasmi kazini kwa majina ya Aoibhinn na Gobnait.